Sauti ya Pili: Wanawake Watatu na Nyimbo za Kale za Kantri

Safu yetu ya sanaa kwa kawaida huzungumzia mashairi, riwaya na taarabu, na huenda baadhi yenu mtashangaa kuona leo tumeingia kwenye muziki wa kantri wa Marekani. Tunaomba mtuvumilie. Jambo lenyewe lilianzia jikoni.

Tulikuwa tumekusanyika kwa shughuli ya harusi, akina mama saba, sufuria nne na gunia zima la vitunguu. Mwenye nyumba aliweka sidii aliyoinunua kwenye duka la mitumba, albamu iitwayo Trio, ya Dolly Parton, Linda Ronstadt na Emmylou Harris. Kusema kweli hatukuwa tukiisikiliza. Kila mtu alikuwa na lake la kusimulia. Ulipofika wimbo wa My Dear Companion, mama mmoja aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa kule Mbeya akaanza kuitikia kwa sauti ya pili. Maneno hakuyajua. Wa pili, Mwislamu wa Tanga ambaye hajaimba kwaya maishani mwake, akamfuata kwa chini. Mazungumzo yakakatika, na visu vikasimama mpaka wimbo ukaisha.

Tangu siku hiyo tumeirudia albamu ile mara nyingi na tumebishana sana. Haya ndiyo tuliyoafikiana, pamoja na machache ambayo bado hatujaafikiana.

Kwa wasioijua, Trio ilitoka mwaka 1987. Ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za kantri Marekani, ikauza zaidi ya nakala milioni moja na ikapata tuzo ya Grammy. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imeshashindikana mara moja. Wanawake hawa walijaribu kurekodi pamoja mwaka 1978 na mpango ukavunjika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kampuni yake, mikataba yake na ratiba yake. Hawakuwa waimbaji wa kubahatisha. Dolly, aliyezaliwa 1946, ni mtoto wa nne kati ya kumi na wawili katika familia maskini ya milima ya mashariki mwa Tennessee. Linda, wa 1946 pia, alizaliwa Tucson, Arizona, katika ukoo wenye asili ya Mexico, na katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa waimbaji wakubwa kabisa wa roki. Emmylou, wa 1947, mzaliwa wa Birmingham, Alabama, alianza kujulikana kwa kumwitikia Gram Parsons kabla mwanamume huyo hajafariki mwaka 1973. Kwa maneno mengine, mmoja kati ya watatu hawa aliingia kwenye sifa kwa mlango wa sauti ya pili.

Nasi tunadhani hapo ndipo ilipo thamani ya albamu yenyewe. Waliopita kwenye kwaya wanajua tunachosema. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anaweza kuziba masikio na bado akaimba wimbo wake mpaka mwisho. Wa sauti ya pili akiziba masikio amepotea. Kazi yake nusu ni kuimba na nusu ni kusikiliza: mwenzake anavuta pumzi wapi, anaikata silabi wapi, leo ana huzuni au ana haraka. Msikilizeni Linda katika My Dear Companion, wimbo wa Jean Ritchie wa Kentucky. Anayeongoza ni Emmylou, kwa ile sauti yake nyembamba yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyemaliza kulia muda si mrefu. Linda ana kifua cha kujaza ukumbi bila kipaza sauti, lakini hapa ameibana sauti yake mpaka imekuwa kama mkono uliowekwa begani. Dolly naye yuko juu, na sauti yake ya kutetemeka haimfuniki kiongozi. Hakuna anayeshindana. Na vyombo ni vya nyuzi tu, magitaa, mandolini na fidla, vikikaa nyuma kwa adabu.

Uimbaji huu wameurithi. Mwishoni mwa Julai 1927, mtu wa kampuni ya Victor aitwaye Ralph Peer alifungua studio ya muda mjini Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, akawaalika waimbaji wa milimani. Wakaja watu watatu wa familia ya Carter kutoka Virginia: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu wa Sara, aliyekuwa na umri wa miaka 18 na mjamzito. Sara ndiye aliyeongoza uimbaji huku akipiga otohapu, ala ya nyuzi nyingi inayofanana kidogo na kanuni ya taarabu. Maybelle alimwitikia na kupiga gitaa kwa namna ambayo wapigaji waliomfuata waliiga kwa miaka mingi. A.P. aliingiza besi alipojisikia. Hata hivyo jina lililoandikwa kwenye nyimbo nyingi ni la A.P., maana ndiye aliyezunguka vijijini kuzikusanya. Wanawake wawili ndio waliobeba santuri zile kwa koo na vidole vyao. Baadaye Maybelle aliendelea na binti zake watatu, Helen, June na Anita, na hivyo sauti ya pili ikapita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto bila kuandikwa popote.

Sasa tufike kwenye maneno ya nyimbo zenyewe, ambako ubishi wetu ulikuwa mkali. Mwenzetu mmoja alisema wazi kwamba nyimbo hizi zinamchosha. Mwanamke ameachwa, analia. Mwanamke amedanganywa, anasamehe. Katika Rosewood Casket, wimbo wa kale ambao Dolly aliupata kwa mpangilio wa mama yake mzazi, Avie Lee, mtu anayekaribia kufa anaomba aletewe kisanduku chenye barua za mapenzi. “Hata kitandani pa mauti bado ni huyo huyo mwanamume?” aliuliza mwenzetu. Ni swali la haki, na hatutalikwepa.

Jibu letu ni hili. Maneno hayo yakiimbwa na mtu mmoja, tunasikia malalamiko ya mtu mmoja, na msikilizaji anaweza kusema ni kosa lake, angechagua vizuri. Yakiimbwa na watatu, jambo linabadilika. Wale wawili wanaoitikia hawaongezi habari mpya. Wanachosema kwa kuitikia ni kwamba nao wanayajua hayo. Ni kama msibani kwetu: mama mmoja akianza kilio, wengine hawamwulizi sababu, wanampokea. Yaliyokuwa malalamiko yanakuwa ushahidi, na ushahidi wa watatu ni mgumu kuupuuza. Ndiyo maana mama wa Tanga, asiyeyajua maneno, aliweza kuingia kwenye wimbo. Alichokipokea ni kile kilio.

Na tukitaka kuthibitisha, tuangalie pale albamu inapopwaya. Wimbo wake uliovuma kuliko zote ni To Know Him Is to Love Him, wimbo wa vijana wa mwaka 1958, ambao uliposhika nafasi ya kwanza mwaka 1987 uliwafurahisha wengi. Umeimbwa kwa ustadi mkubwa. Lakini maneno yake ni ya msichana aliyempenda mvulana, basi, na wanawake hawa watatu waliokwisha kutimiza miaka 40 au kuikaribia hawana cha kushuhudia humo. Sauti zinapendeza kama keki ya harusi inavyopendeza, na kesho yake huikumbuki. Telling Me Lies nao ni wimbo mzuri wa Linda, lakini ni wa Linda. Wenzake wamekuwa mapambo. Albamu inapanda tena inaporudi kwenye nyimbo za kale, mpaka tenzi ya Farther Along inayoifunga.

Mfano wa wazi zaidi tuliupata nje ya albamu hii. Mwaka 1994 watatu hao walirekodi tena, lakini ratiba na makampuni yakawagonganisha kwa mara nyingine, na kazi ikawekwa kabatini. Linda akazichukua baadhi ya nyimbo zile, sauti ya Dolly ikaondolewa, zikatoka mwaka 1995 katika albamu yake ya Feels Like Home. Albamu ya watatu, Trio II, ilitoka mwaka 1999 tu. Kwa hiyo wimbo wa Lover’s Return, wa akina Carter wenyewe, upo mara mbili, na yeyote anaweza kufanya tulivyofanya sisi, kuziweka rekodi zote mbili mfululizo. Katika wimbo huo mpenzi aliyeondoka amerudi, na mwanamke anamwambia amechelewa. Rekodi ya 1995 haina kasoro. Lakini ile ya 1999 ina uzito mwingine, kwa sababu “hapana” ya mwanamke ina watu nyuma yake. Yule mwenzetu aliyechoka na vilio aliusikiliza mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, “Huu nitauchukua.” Mengine bado anabisha.

Lipo pingamizi la pili, na hili tumeulizwa hata na watoto wetu. Kwa nini mnasikiliza muziki wa Wazungu wa mashambani, wale wenye bendera kwenye malori? Wanaoishi huku wanalielewa swali hilo bila maelezo. Tunajibu kwa mambo matatu. Banjo, ala inayotambulisha muziki huu, asili yake ni vyombo vya Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa. Nyimbo za akina Carter zilikusanywa pia kwa msaada wa Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyezunguka na A.P., akizishika tuni kichwani wakati mwenzake akiandika maneno, na ambaye Maybelle alijifunza kwake. Na Linda, katika mwaka huohuo wa 1987, alitoa Canciones de Mi Padre, albamu ya nyimbo za Kimexico za nyumbani kwao kwa Kihispania. Aliimba nyimbo za milima ya wenzake na nyimbo za baba yake mwaka mmoja, wala hakuona kwamba moja inaifukuza nyingine. Sisi tunaoishi na lugha mbili tuna la kujifunza hapo.

Tena muziki huu ulifika kwetu kabla sisi hatujafika kwake. Waliokulia Kenya wanajua Jim Reeves na Dolly walivyotamba redioni. Lakini kisa cha zamani zaidi ni cha Jimmie Rodgers, aliyerekodi kwa Ralph Peer huko huko Bristol siku zilezile za Agosti 1927 na akafariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi kule Kapkatet nyimbo zinazoitwa Chemirocha, ambalo ndilo jina la Rodgers lilivyogeuka midomoni mwa wenyeji. Katika mmojawapo wasichana wanamwimba kwa Kikipsigis kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Mmoja anaongoza, wenzake wanampokea. Na kwenye Trio kuna Hobo’s Meditation, wimbo wa Rodgers huyohuyo, juu ya mzururaji anayejiuliza kama mbinguni nako kutakuwa na tajiri na maskini. Wasichana wa Kapkatet na wanawake wa Trio hawakujuana, lakini wote walichukua kitu cha mwanamume mmoja mwenye gitaa, wakakiimba kwa pamoja, kikawa chao.

Watatu hao hawataimba tena pamoja. Mwaka 2013 Linda alitangaza kwamba ugonjwa umemnyang’anya uwezo wa kuimba. Tulipoambiana habari hiyo jikoni, mama wa Mbeya alituhesabia wenzake wa kwaya yake ya zamani: wawili wamefariki, mmoja yuko Muscat, mmoja Toronto, na yeye yuko hapa. Nyimbo zao anazijua zote, alisema, lakini anajua sauti ya pili peke yake, na sauti ya pili bila ya kwanza mtu hawezi hata kuitambua ni ya wimbo gani. Akatuimbia kidogo ili tuone. Kweli hatukuutambua.

Ndiyo sababu tumeandika haya. Watoto wetu wanafundishwa nyimbo za nyumbani, na wengi wanazijua vizuri, lakini karibu wote wanajua sauti ya kwanza tu, ile inayopatikana kwenye simu. Katika mkutano wetu ujao wa familia tunapendekeza itengwe nusu saa, kila mwenye sauti ya pili, ya tatu au ya nne aje nayo, aketi na mtoto mmoja, amwachie. Mama wa Mbeya ameshajiandikisha. Anatafuta wa sauti ya kwanza.

Mwenye kutukosoa au kuongeza neno, ukumbi ni wake. Wasalaam.