Sarufi ya Chindamba na Wenye Lugha

Kitabu cha Peter Edelsten na Chiku Lijongwa juu ya sarufi ya Chindamba, kilichopigwa chapa Köln mwaka 2010, chastahili sifa. Lugha ya bonde la Kilombero, ambayo katika orodha ya Guthrie ni G52, imeelezwa humo kwa utaratibu: sauti, ngeli na vitenzi.

Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Idete asiyejua Kiingereza, ingawa ajua majina ya samaki na ya kazi za mpunga, hawezi kukisahihisha. Wala mjukuu wake, afundishwaye shuleni kwa Kiswahili, hawezi kujifunza kwacho. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za makabila zihifadhiwe. Hapa Chindamba kimehifadhiwa kwa ajili ya wataalamu, si kwa wenyewe.

Aghalabu Kiswahili hulaumiwa kuwa chazimeza lugha ndogo. Katika jambo hili chaweza kuzisaidia. Muhtasari wa sarufi hii kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya maneno, ungesomeka Ifakara na Idete. Kazi hiyo ni ndogo kuliko iliyokwisha kufanywa, na yafaa ifanywe wazee wangali hai.