Gramu Zimepunguzwa Wapi?

Bunduki ya majaribio ikiwa nyepesi, kila anayeishika hutabasamu. Tabasamu hilo lisikudanganye. Kabla ya kuuliza ina kilo ngapi, muulize fundi gramu amezipunguza wapi.

Mwaka 1957 bunduki ya AR-10, kazi ya Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite, ilikuwa kwenye majaribio ya jeshi la Marekani huko Springfield. Haikufika kilo 3.5, wepesi wa ajabu kwa silaha ya risasi kubwa ya milimita 7.62. Lakini mtutu wake ulikuwa wa alumini, chuma kikiwa ndani tu, na katika majaribio ukapasuka. Mwili wa alumini haukuwa na kosa; bunduki za ukoo huo hadi leo zina mwili wa alumini. Kosa lilikuwa kupunguza uzito mahali panapobeba moto na shinikizo. Mwaka uleule jeshi likaichagua bunduki nyingine, M14.

Siku hizi mashindano ya IPSC, shirikisho la upigaji shabaha lililoundwa 1976, yanatoa mtihani mzuri kuliko mzani wowote. Alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia: mwenye alama 120 kwa sekunde 30 anapata 4, mwenye 100 kwa sekunde 20 anapata 5 na kumshinda. Hapo wepesi unalipa, maana mpigaji anakimbia, anapiga magoti, anachungulia dirishani, anahama shabaha hadi shabaha. Simama pembeni, mahali panaporuhusiwa, uutazame mdomo wa mtutu. Je, unatua kwenye shabaha, au unapitiliza kisha unarudi? Ukipitiliza kila mara, mbele pamepunguzwa mno, na sekunde zilizookolewa kwenye mbio zinapotelea hapo.

Mtutu mwembamba una mtihani wake. Mtutu ukiwa baridi, piga risasi tano taratibu kwenye karatasi iliyo mita 100. Maliza magazini nzima ya 30 kwa kasi, kisha piga tano nyingine kwenye karatasi mpya, ukilenga palepale. Ziweke karatasi hizo mbili moja juu ya nyingine, uziinue kwenye mwanga. Matundu yakiwa yametawanyika kidogo zaidi, samehe; mtutu mwembamba ukipata moto ndivyo ulivyo. Kundi zima likiwa limehamia upande mmoja, usisamehe, kwa sababu katikati ya shindano mpigaji hatajua alenge wapi. Rudia ukiwa umeegemeza bunduki kwenye ubao, maana kishikio cha mbele kikigusana na mtutu, risasi huhama pia.

Kuna mafundi wanaopunguza hata chuma kinachokwenda nyuma na mbele kutoa ganda na kuingiza risasi mpya. Bunduki hupiga bega kwa upole, na wateja hupenda. Mimi siipendi njia hiyo. Chuma hicho kikiwa chepesi mno, hakibaki na nguvu ya kushinda uchafu au risasi dhaifu. Yatazame maganda: yakidondoka karibu mahali pamoja, mashine imetulia, yakirushwa huku na kule, kukwama hakuko mbali.

Fundi akikuapia kwamba haijawahi kukwama, usibishane naye. Mwombe akupe uipige siku ya pili ya mashindano, kabla hajaisafisha.