Sikio la Fundi

Katika kazi zote zifanywazo chini ya gari kwa spana na nyundo, sioni iliyostahili heshima ikanyimwa kuliko kazi ya kutafuta mlio usiojulikana utokako. Breki iliyokufa hujitangaza, rejeta ivujayo huacha dimbwi, na tairi lililopasuka halihitaji mfasiri. Lakini lori lenye injini nzima, lipandalo mlima bila taabu na kusimama liamriwapo, ambalo hata hivyo hugongagonga njia nzima mfano wa sarafu ndani ya kopo, humlazimu fundi kuweka chuma chini na kutumia sikio, na sikio ni chombo ambacho wenye magari hawapendi kukilipia ujira.

Ugumu wa kazi hii huanzia katika tabia ya chuma chenyewe. Hewani sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, bali katika chuma cha pua huweza kupita mita 5,000. Na kwa kuwa kila kiungo cha lori, tangu injini hadi taa ya nyuma, kimeshikamana na zile boriti mbili ndefu za chesisi, kilegeacho nyuma huweza kusikika chini ya nyayo za dereva, naye dereva, ambaye si mwongo hata kidogo, akaapa kwa yakini juu ya jambo lisilo la kweli. Walakini mlio udanganyao juu ya mahali aghalabu husema kweli juu ya wakati, na hapo ndipo hikima ya fundi inapoanza: haulizi kwanza ni wapi, huuliza ni lini.

Je, husikika gari likiwa limesimama na mafuta yakikanyagwa? Basi tuhuma ziko kwa injini, feni na bomba la moshi. Je, huendelea gia ikiwa imetolewa na lori likienda kwa nguvu ya mwendo wake tu? Basi tuhuma zihamie kwenye magurudumu na propela shafti. Huja asubuhi ukapotea injini ipatapo moto? Yamkini pana bati lililoachana na mwenziwe, nalo joto hulitanua hata likaziba mwanya. Na ukija kwa mwendo mmoja tu, kisha ukatoweka mwendo ukizidi, fundi hukumbuka kwamba kila kipande cha chuma kina mtikisiko wake wa asili, wala hakiitiki ila kiitwapo kwa mtikisiko huo.

Nilipata kulitazama jambo hili kwa karibu mjini Tanga, katika gereji moja iliyohudumia malori ya katani yashukayo kutoka mashamba ya Muheza kwenda bandarini. Lori lenyewe lilikuwa limekwisha pita mikononi mwa watu kadhaa: milango imekazwa, vishikizo vya ekzosti vimebadilishwa, hata kebini imefunguliwa na kufungwa upya, na mlio ungalipo. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alimsikiliza dereva kwa adabu, kisha akamgeukia utingo, kwa kuwa utingo ndiye akaaye nyuma ya gari juu ya mzigo, wala hakuna aliyekuwa amemwuliza neno.

"Mkienda na marobota?"

"Kimya, fundi."

"Mkirudi watupu?"

"Hapo ndipo ngoma."

"Na bwana dereva akishika breki?"

Kijana akafikiri. "Hunyamaza, halafu huanza tena."

Fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini iliyokuwa ikiunguruma, na mpini wake akaukaza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kama tabibu na chombo chake cha kusikilizia kifua, ambacho asili yake ni karatasi iliyokunjwa bomba na tabibu Mfaransa Laënnec, huko Paris mwaka 1816, alipoona haya kulaza sikio juu ya kifua cha mgonjwa mwanamke. Injini ikaonekana haina hatia.

Uzito wa marobota na nguvu ya breki, kama alivyonieleza baadaye, hutenda kazi moja: husukuma chuma upande mmoja hata mwanya usiwepo. Kwa hiyo kilicholegea hakina budi kuwa kitu kibebacho mzigo na tena kivutwacho na gurudumu, na vitu vya namna hiyo katika lori si vingi. Jeki ikatiwa chini ya chesisi, si chini ya ekseli, ili ekseli ining'inie na springi zipumzike. Mtaimbo ukachomekwa penye jicho la mbele la springi ya nyuma, upande wa kushoto, ukainuliwa polepole. Chuma kikacheza kwa kadiri ya unene wa ukucha, kikatoa sauti ile ile.

Bushi iliyotolewa ilikuwa imeliwa upande mmoja hata tundu lake limerefuka. Bushi hufanywa kwa madini laini kuliko pini makusudi, ili ife yenyewe na pini isalimike. Na kweli pini ilikuwa nzima, ila imeshika kutu mahali palipopasa kuwa na girisi. Mtu wa haraka angaligonga bushi mpya akadai haki yake. Yeye alichukua waya mwembamba akazibua kitundu cha kupitishia girisi, ambacho udongo wa njia ulikuwa umekiziba ukakauka, akaisugua pini kwa msasa, akafunga, akapiga girisi mpaka ikachuruzika pembeni, kisha akaenda kuukagua upande wa kulia ambao haukulalamikiwa na mtu.

Mwenye lori alipoletewa hesabu alinung'unika: bushi ni kitu cha bei ndogo, na muda mwingi alioulipia hakuona spana ikigusa kitu. Manung'uniko hayo nayafahamu, lakini siyakubali. Waliokaza milango walilipwa bila swali, kwa sababu walionekana wakikaza.

Dereva alilipeleka lori tupu hadi Pongwe na kurudi. Mlio mkubwa, alisema, umekwisha kabisa. Ila sasa anasikia mwingine mdogo, kama wa kioo cha mlango.

"Huo ulikuwapo siku zote, bwana," fundi akajibu, akijifuta mikono. "Ulikosa nafasi tu. Ulete Jumamosi, na utingo uje naye."