Kitanzi kwenye kijitabu cha kliniki

Majuzi nilisoma kijitabu cha upangaji uzazi, nikakwama kwenye neno ‘kitanzi’, lililoachwa hivyo hivyo, bila picha wala maelezo. Wahudumu wamelizoea: ni kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. Lakini kitanzi pia ni kamba ya kunyongea! Mama asiyejua ataelewaje? Huenda akaondoka bila kuuliza.

Kule Marekani, kanuni za mpango wa Title X, ulioanza 1970, huzitaka kliniki zinazofadhiliwa zipitishe maandishi kama haya kwa kamati yenye wanajamii kabla ya kuyagawa. Nasi tufanye hivyo. Sisi maprofesa twaweza kubuni istilahi. Linavyosikika neno kwenye foleni ya kliniki, waulizwe kina mama wenyewe.