Golgotha: Fuvu Moja au Mafuvu Mengi?

Injili zote nne zinataja mahali aliposulubiwa Yesu, lakini hazitaji jina lake kwa namna moja. Mathayo, Marko na Yohana wanaandika Golgotha, jina la Kiaramu, pamoja na fasiri yake ya Kigiriki, Kraniou Topos, yaani "mahali pa fuvu". Luka, katika sura ya 23, mstari wa 33, analiacha jina la Kiaramu na kuandika Kranion tu: "Fuvu".

Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ina uzito. Kraniou ni nomino iliyo katika hali ya umilikishi. Na umilikishi wa Kigiriki, kama ilivyo -a unganifu ya Kiswahili, hauna maana moja tu. Asemaye "bandari ya Mombasa" ataja kitu kilicho cha Mombasa. Asemaye "mji wa Mombasa" ana maana kwamba mji wenyewe ndio Mombasa. Je, "mahali pa fuvu" ni pa namna ipi? Luka ndiye ajibuye: mahali penyewe paliitwa Fuvu. Basi, umilikishi wa wenzake wabainisha jina tu. Hausemi kwamba palikuwa na fuvu pale.

Jambo la pili ni idadi. Jerome alieleza kwamba jina lilitokana na vichwa vya wahalifu waliokatwa pale. Maelezo hayo yangefaa zaidi kama pangeandikwa wingi, kraniōn. Lakini wainjilisti wote wanne wameandika umoja. Mwaka 1883 Charles Gordon, afisa wa jeshi la Uingereza, alidhani ameona sura ya fuvu katika mwamba ulio nje ya Lango la Dameski, Yerusalemu. Umoja haumpingi, walakini hakuna Injili isemayo kwamba pale palikuwa na kilima.

Fasiri ya Kilatini iliandika Calvariae hata kwa Luka, ikaurudisha umilikishi ambao yeye hakuutumia. Kutoka huko limekuja jina Kalvari, tamu masikioni, lakini lisilomfunulia msomaji maana yake. Union Version ya 1952 ilimfasiri Luka kwa "Fuvu la Kichwa", nayo ilifanya vema.

Kwa nini mahali pale paliitwa Fuvu, sarufi haisemi. Yasema tu kwamba fuvu ni moja, na kwamba hilo ndilo jina. Mfasiri mwaminifu hukomea hapo.