Ufunguo Mmoja, Majibu Yote

Fumbo la sataranji ni mpangilio wa kete uliotungwa kwa makusudi, wenye swali moja na jibu moja. Katika umbo lake lililozoeleka zaidi, yaani fumbo la hatua mbili, upande mweupe huanza, na hutakiwa kumfunga mfalme mweusi katika hatua yake ya pili, maana yake kumshambulia pasipo kumwachia njia ya kuokoka, vyovyote upande mweusi utakavyojibu. Hatua ya kwanza huitwa ufunguo, nao sharti uwe mmoja tu, kwani fumbo lenye funguo mbili huhesabiwa kuwa na kasoro. Tena watunzi hupendelea ufunguo mtulivu, usioteka kete wala kumtisha mfalme, kwa kuwa wanajua jicho changa hukimbilia vishindo kwanza.

Ubingwa wa dunia wa kufumbua mafumbo haya ulianza mwaka 1977 huko Malinska, katika Yugoslavia ya wakati ule, na hadi leo raundi ya hatua mbili huwa na mafumbo 3 kwa dakika 20, kila moja likiwa na alama 5. Shindano la Kimataifa la Ufumbuaji, linalofanyika kila Januari katika nchi nyingi, limewatengea watoto wa chini ya miaka 13 daraja lao. Mtoto hukaa na ubao, kalamu na karatasi, bila mpinzani mbele yake, na hapo ndipo ubora wa ufundi huu ulipo: inambidi awe mpinzani wa nafsi yake, aitafutie hatua anayoipenda jibu kali kuliko yote, na akilipata, aiache hatua hiyo bila kinyongo. Mafumbo ya kwenye simu, ambayo huruhusu kubahatisha na kujaribu tena papo hapo, hunoa wepesi wa jicho, lakini hayalei uaminifu huu.

Mfano unaostahili kukaliwa kwa muda ni wa mwaka 1895, mjini Glasgow, Uskoti, ambako G. E. Barbier alichapisha katika gazeti la Weekly Citizen hali yenye kete 4 tu: mfalme mweupe na askari wake anayekaribia mstari wa mwisho, dhidi ya ngome na mfalme mweusi aliyejibanza kwenye kona ya a1. Askari akifika mwisho hugeuzwa kete nyingine, na karibu kila mchezaji huchagua malkia. Lakini hapa ngome nyeusi hujitoa itekwe, na malkia akiiteka, mfalme mweusi hubaki hana pa kwenda ilhali hajashambuliwa, jambo ambalo kwa kanuni ni sare. Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyeishi mjini humo na ambaye hakuwa miongoni mwa mabingwa, aliona kwamba askari yule ageuzwe ngome. Ngome hiyo, ikiwa c8, hutishia kwenda a8 na kumfunga mfalme. Ngome nyeusi hulazimika kukinga kwenye a4. Ndipo mfalme mweupe husogea kutoka c2 hadi b3, akiishambulia huku akiifungulia ngome yake njia ya kumfunga mfalme kwenye c1. Vitisho ni viwili, na hakuna hatua inayozuia vyote.

Mwalimu mwema haishii kwenye jibu. Humwachia mwanafunzi amhamishe mfalme mweusi kutoka kona ile hadi h1, ajionee jinsi mtego wa sare unavyovunjika na malkia wa kawaida anavyotosha, hivyo atambue kwamba kila kete ilikuwa na sababu ya kuwa pale ilipo. Kwa mazoezi ya namna hiyo mfumbuaji huanza kuwa mtunzi, na umri mdogo si kizuizi: Sam Loyd wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1841, alichapishiwa fumbo lake la kwanza akiwa na miaka 14.