Simba wa Kuvaliwa: Majina ya Wanyonge katika Filamu ya Sun Haipeng

Hadithi ya mnyonge anayewashinda wenye nguvu imezoeleka mno katika sinema za mapigano. Filamu ya katuni ya Sun Haipeng, iliyotoka China mwaka 2021 na kujulikana kimataifa kama I Am What I Am, yaipa hadithi hiyo uzito mpya kwa njia ya majina.

Juan ni kijana dhaifu wa Guangdong ambaye wazazi wake wamekwenda mjini kutafuta kazi. Hudhihakiwa kuwa paka mgonjwa. Rafiki zake huitwa Paka na Mbwa, majina ambayo yakiunganishwa katika Kichina humaanisha watu wasio na thamani. Mwalimu wao, muuza samaki, aitwa Samaki wa Chumvi, yaani aliyekata tamaa. Hao ndio wanaojifunza ngoma ya simba, ambamo watu wawili huvaa simba mmoja, sanaa iliyolelewa katika shule za kung fu.

Simba, basi, si jina la yeyote kati yao, ni vazi. Katika mashindano Juan aurukia mlingoti ambao haukuwekwa ili ufikiwe. Kichwa cha simba chabaki kileleni, mwenyewe aanguka majini, kisha aenda Shanghai kuwa kibarua. Hapo ndipo ulipo ukweli wa filamu: sanaa humrudishia mnyonge heshima, haimpi mkate. Sehemu ya pili, ya mwaka 2024, inayompeleka ulingoni kupigania fedha za matibabu ya baba yake, yathibitisha kwamba swali la mkate halikuwa limejibiwa.